Bunduki ya Mlangoni kwa Evarista

Mume wangu Didas ni mtu mwema, na ninasema hivyo mapema kabla sijaanza kumsema. Hajawahi kuninyanyulia mkono, na kanisani anaimba kwa sauti nzito hata padre humsubiri amalize ndipo aendelee. Lakini ana ugonjwa mmoja: akishapata jibu alilokuwa analitaka, masikio yake yanafunga duka. Ugonjwa huo ndio uliomwondoa Kasian katika nyumba yetu, na ndio uliompeleka mama yetu Evarista kaburini, ingawa mganga wa zahanati alisema ni kifua.

Baba mkwe wangu, mzee Kalinga, alikuwa na wake wawili hapa Kalenga. Mke mkubwa alimzaa Didas, akafariki kabla sijaolewa. Mke mdogo, Evarista, alimzaa Kasian. Kasian alizaliwa wakati mzee yuko vitani, ile vita ya kwanza ya Mjerumani na Mwingereza, na wenye midomo walihesabu miezi kwa vidole wakasema haiingiani. Mzee aliporudi hakumfukuza mkewe wala hakuuliza neno. Alimlea mtoto, akamfundisha kuchonga mbao kwa mkono wake mwenyewe. Lakini watu hawachoki. Mpaka Kasian anaota ndevu, bado walikuwepo waliomwita mtoto wa vita.

Evarista alikuwa na jibu lake, na lilining'inia juu ya moto nyumbani kwake. Lilikuwa bunduki moja ndefu ya kizamani, nyeusi kwa moshi, bolti yake imeshikana kwa kutu.

Katika ukoo wa Kalinga kuna desturi. Mtoto wa kiume akizaliwa baba yake yuko mbali, baba akirudi anaulaza mkuki wake chini, mlangoni, toka mhimili huu mpaka huu. Mama anamfunga mtoto mgongoni, anauruka mkuki, anaingia ndani. Akisharuka, mtoto ni wa mwenye mkuki na hakuna mwenye ruhusa ya kuuliza kitu. Evarista alisema mzee alirudi kutoka vitani hana mkuki, ana bunduki ile, akailaza hiyo mlangoni. Naye akairuka, Kasian akiwa mgongoni. Waliokuwepo siku hiyo ni majirani wachache, na wote walikuwa wamekwisha kufa. Didas mwenyewe alikuwa mtoto mdogo, analelewa kwa wajomba zake upande wa Uzungwa.

Sasa Didas naye alikuwa na hadithi yake. Yeye na nusu ya Kalenga walisema bunduki ile ni ya babu, aliyeinyakua Lugalo siku Wahehe walipowapiga Wajerumani. Mzee Kalinga hakuwahi kusema hivyo, wala hakuwahi kukana. Ukimwuliza, aliomba aongezewe pombe yake ya ulanzi. Alipofariki, Didas akaihamishia bunduki kwetu kwa kuwa ndiye mkubwa, na hadithi zile mbili zikaendelea kuishi kijiji kimoja bila kugombana.

Zikagombana mwaka wa hamsini na nne. Habari ilifika kwamba fuvu la chifu wetu, Mtwa Mkwawa, linarudishwa kutoka Ulaya, na litapokewa hapa hapa Kalenga. Kila ukoo ukaingia darini kutafuta mikuki na ngao za mababu. Didas akaishusha bunduki, akatangaza ataibeba mbele ya watu wote kama nyara ya Lugalo.

Kasian akaja kwetu jioni, bado ana vumbi la msumeno kwenye nywele.

"Kaka," alisema, "beba silaha yoyote unayotaka, ila usiibebe hiyo kwa jina la Lugalo. Hiyo ni ya baba, ya vita yake. Ukisema ni ya babu, umesema mama yangu ni mwongo."

"Mimi sijamtaja mama mdogo," Didas alijibu.

"Desturi inataka silaha ya baba mwenyewe, siyo ya babu. Kama ni ya babu, basi sikurukiwa. Unajua hiyo maana yake."

Didas alijua. Wakabishana mpaka chakula kikapoa, na mwisho wakapatana jambo moja tu, alilolitaka Kasian: bunduki ipelekwe kwa mtu anayejua bunduki, aseme umri wake, na atakachosema ndicho. Mtu huyo alikuwa Mbeya, akiitwa Yotamu. Didas akaomba kibali bomani Iringa. Karani alipoona kutu ile alicheka, akagonga muhuri.

Nilikwenda nao kwa sababu hawakuwa wanasemeshana. Njia nzima, Makambako, Chimala, vumbi limetujaa masikioni, Didas aliniambia mimi nimwambie Kasian asogee, na Kasian aliniambia mimi nimwambie kaka hakuna pa kusogea. Bunduki ilikuwa imefungwa blanketi, imelala miguuni petu wote watatu. Watu basini walidhani tunasafirisha mgonjwa.

Yotamu alikuwa Mnyakyusa mnene, mwenye maringo na kicheko kikubwa. Alikuwa fundi wa silaha katika jeshi la Mwingereza kule Burma, na hiyo Burma hajamaliza kuisimulia mpaka leo. Alikuwa na chumba nyuma ya duka la Mhindi mmoja, karibu na soko. Alitusalimu kwa kwao, "Ugonile," sisi tukamjibu kwa kwetu, "Kamwene," tukacheka wote. Hicho ndicho kicheko cha mwisho nilichokisikia kwa ndugu wale wakiwa pamoja.

"Mnataka kujua nini?" aliuliza, akiilaza bunduki mezani.

"Umri wake," alisema Didas.

"Na thamani?"

"Thamani itatokana na umri."

"Kwa kupiga haina thamani," Yotamu alisema. "Hata njiwa hatashtuka. Labda Mzungu anayekusanya vitu vya zamani."

Alilowanisha kitambaa kwa mafuta ya taa, akasugua ubavuni mwa mtutu, pale karibu na bolti. Masizi ya miaka yakatoka taratibu. Kikaonekana kitaji kidogo, kisha herufi, kisha tarakimu. Alizisoma kwa sauti kama mwalimu: elfu moja mia nane themanini na saba.

"Ya Mjerumani hii. Unatia risasi moja, unapiga, unafunikwa na moshi."

"Themanini na saba," Didas alirudia. "Lugalo ilikuwa tisini na moja."

"Tisini na moja, sawa. Sasa ngoja, bwana mkubwa, sijamaliza." Yotamu aliigeuza bunduki, kitako kikatazama juu. "Huku chini nako kuna habari yake. Kule Burma kulikuwa na sajini mmoja, mtu mfupi hivi, huyo siku moja aliletewa bunduki..."

"Imetosha, fundi," Didas alisema akisimama. "Tunashukuru sana. Basi letu linaondoka."

Basi lenyewe lilikuwa la kesho yake.

Mimi nilikuwa nimemtazama Kasian. Hakuwa anamsikiliza sajini wa Burma wala nani. Alikuwa ameinama juu ya zile tarakimu, anazipitishia kidole kama mtu anayepima kama mbao imenyooka. Tulipotoka nje aliniambia, "Shemeji, mwambie kaka nimesikia." Didas alikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Kisha akasema hatarudi nasi, atatafuta kazi ya useremala huko huko Mbeya. "Mwambie mama," alianza, kisha akavuka barabara.

Wiki ile wazee wa ukoo walikaa kwetu. Aliyewaongoza ni mzee Ezekia, ambaye alikuwa ametumia miaka yake mingi kwenye mashamba ya mkonge Kilosa na kurudi Kalenga juzi, lakini kwa umri ndiye aliyekuwa mkubwa. Walimwita Evarista. Alikuja amejifunga kanga yake ya kanisani, akakaa chini kwenye mkeka, akaambiwa mwaka uliokutwa kwenye bunduki.

"Mimi sijui kusoma mwaka," alisema. "Najua niliruka. Kisigino changu kiligusa chuma, nikaogopa nimeharibu. Kalinga akacheka. Akasema pita tu, haina risasi."

"Kalinga asingelaza mlangoni silaha ya baba yake," mzee Ezekia alisema kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko matusi. "Mama, mwaka umeandikwa."

Evarista alimtazama Didas. Alikuwa amemlea yule tangu aliporudi kutoka kwa wajomba; ndiye aliyemnyoa nywele siku ya komunyo ya kwanza. Didas akatazama ukuta. Wazee wakaamua kwamba mtoto hakurukiwa, na kwamba siku ya mapokezi watakaosimama mbele kama wana wa Kalinga ni Didas na watoto wake.

Wanawake hatukuulizwa. Jikoni nilimwambia Didas kwamba mwanamke hawezi kutunga uongo wenye kisigino ndani yake. Alinijibu, "Mwaka uko kwenye chuma, Tekla. Chuma hakina sababu ya kudanganya." Nikamwambia hata kama ni hivyo, angeweza kunyamaza. Akasema Kasian ndiye aliyetaka waende kwa fundi. Hilo lilikuwa kweli, nikaendelea kupika.

Siku ya mapokezi Didas alipendeza, siwezi kusema uongo. Aliibeba bunduki kifuani katikati ya wazee, Gavana akapita karibu, Mzungu mmoja akampiga picha. Mimi nilitoroka mapema nikaenda kwa Evarista. Alikuwa anapukuchua mahindi. Ngoma zilisikika vizuri sana pale kwake. Aliniuliza kama Didas amekula kabla ya kutoka, nikasema amekula, akasema vizuri, maana jua lilikuwa kali.

Baada ya hapo hakuja tena kupikia kwetu. Alisalimia, alijibu, alipokea unga nikimpelekea. Kipupwe cha mwaka uliofuata kilimkuta amekonda, na hakikumwacha. Kasian alikuja kuzika. Hakukaa kwenye mkeka wa wana wa marehemu. Alichukua jembe, akachimba na majirani, akala na majirani, akaondoka. Didas alimwona, nami nilimwona Didas akimwona.

Nyumba ya Evarista ikabomolewa, kama tunavyofanya mwenyewe akifa. Miti yake ikawa kuni. Mlango ulikuwa wa mninga, Kasian alimchongea mama yake kwa mshahara wake wa kwanza, na Didas alisema ni dhambi kuuchoma, akaupachika kwenye banda la kuku. Kiwanja tukapanda mahindi. Udongo wa nyumba ya zamani una rutuba, mahindi yakatoka mazuri kuliko ya shamba lote.

Mwaka wa hamsini na saba binti yetu Severina, aliyeolewa Mbeya, alijifungua, nikaenda kumwogesha mtoto. Siku moja nikipita nyuma ya lile duka la Mhindi nilisikia sauti inaniita.

"Mama wa Iringa. Mume wako alinikimbia kabla sijamaliza. Yule sajini nilimmalizia hewani."

Nilicheka kwa adabu. Nikamwambia hatukuhitaji zaidi, tulikwisha pata mwaka.

"Mwaka mlipata," Yotamu alisema. "Mwaka iliotengenezwa. Lakini bunduki haiwi ya mtu siku inatengenezwa. Chini ya kitako kuna bati, na kwenye bati pamegongwa namba ya kombania, kile kikosi cha askari. Ishirini na mbili. Nilikuwa nataka kuwaonyesha."

"Inasema nini hiyo?"

"Mjerumani wakati wa zamani hakuwa na kombania ishirini na mbili, mama. Hizo za ishirini na kitu alizianzisha vita ya kumi na nne ilipokwisha kuanza. Bunduki mpya hazikutosha, akatoa kuukuu ghalani, akawapa askari wapya. Baba yangu aliwabebea mizigo. Alisema wakipiga hata wao wenyewe hawaonani kwa moshi."

Niliomba kukaa. Alinisogezea kigoda.

"Kwa hiyo haikuchukuliwa Lugalo," nilisema.

"Lugalo? Mume wako aliitaja tu, hakuna aliyeniuliza habari zake. Mliniuliza umri." Alinitazama usoni, na kwa mara ya kwanza aliacha maringo. "Kwani mlikuwa mnataka kujua nini, mama?"

Ningeanzia wapi? Tulisafiri siku nzima na bunduki miguuni, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia yule mtu kwamba tunataka kujua kama Evarista aliruka. Tuliona aibu mbele ya mgeni. Tulimwuliza umri, akatupa umri.

Nilirudi Kalenga nikamwambia Didas hivyo hivyo, bila kulainisha. Hakubisha. Aliishusha bunduki, akalowanisha kitambaa kwa mafuta ya taa, akasugua bati la kitako. Namba ilikuwepo, kubwa, mbili na mbili. Alisema miaka yote alidhani ni mikwaruzo. Babu yake alikufa vita ya Mkwawa bado mbichi, kwa hiyo aliyeileta bunduki ile nyumbani ni mtu mmoja tu. Nadhani mzee Kalinga aliona aibu kwamba aliibebea bunduki serikali ile ile ya Mjerumani iliyobomoa boma la wazee wake, ndiyo maana akaomba ulanzi kila alipoulizwa. Aliwaacha watu waseme Lugalo. Hakujua aibu yake itakuja kulipiwa na mkewe.

"Nilisema chuma hakina sababu ya kudanganya," Didas alisema.

"Na hakikudanganya," nilimwambia. Nilikuwa na hasira ya miaka mitatu, nikaona hainipi raha yoyote kuitoa.

Alilia. Sijawahi kumwona akilia hata kwenye msiba wa baba yake. Kisha akafunga bunduki kwenye blanketi lile lile, tukapanda basi.

Kasian alikuwa Mwanjelwa, hapo hapo Mbeya, anachonga milango na vitanda, ameoa Mnyakyusa anayeitwa Ikupa, wana mtoto mmoja. Tulimkuta kwenye karakana yake ubavuni mwa nyumba. Didas hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja mlangoni, akafungua blanketi, akailaza bunduki chini toka mhimili mpaka mhimili, akavua kofia, akasimama pembeni. Ikupa alichungulia kutoka ndani na mtoto mkononi, hajui ni nini.

"Ni ya baba," Didas alisema. "Nimesoma kitako. Ni ya vita yake. Mama mdogo alisema kweli, Kasian. Nilikosa. Nilimkosea yeye na wewe."

Kasian aliweka randa chini. Kisha akainama, akaiokota, akaipangusa vumbi kwa mkono wa shati, akaifunga blanketi vizuri, kingo zote ndani, akaiegemeza ukutani.

"Karibu ndani, kaka," alisema. "Shemeji, karibu. Mmesafiri mbali, mtakula."

Tukala ndizi na nyama. Aliuliza habari za mvua, za watoto, za padre. Ikupa alinawisha mikono ya Didas kwa kupiga goti. Alitukirimu kama wageni wa heshima, na kila kitu kilikuwa kizuri, na kila kilichokuwa kizuri kiliniuma. Ndugu hakirimiwi hivyo.

Tulipoaga alimpa Didas ule mzigo.

"Kaka, mimi baba yangu namjua," alisema. "Alinishika mkono kwenye randa hivi, mpaka nikajua. Sikuhitaji bunduki. Aliyekuwa anaomba aaminiwe ni mama. Mlango wa kuilaza ni wa kwake."

Hakusema kwa hasira. Nilitamani angekasirika.

Didas aliupakata mzigo njia nzima. Tuliposhuka hakupita hata nyumbani kunawa uso. Alikwenda na mzigo wake mpaka kwenye kile kiwanja, akaingia katikati ya mahindi, yamemfika kifuani, akafungua blanketi. Nikamfuata. Alipiga hatua upande huu, akarudi, akaenda upande ule.

"Tekla," aliniuliza, "mlango ulikuwa wapi?"

Nyumba ile niliingia kila siku tangu nilipoolewa. Nilisema hapa. Kisha nikaona siyo, nikasema pale, karibu na ule mhindi mrefu, halafu nikaacha kuonyesha, maana sikuwa na hakika. Mlango wenyewe ninaufungua kila asubuhi kuwatoa kuku. Mahali pake ndipo hatupajui. Didas alisimama kati ya mahindi na bunduki ya baba yake mikononi, hana pa kuilaza.